Kisichosomeka si Kitupu: Kadi ya Kumbukumbu, Sampla ya Kale na Sauti za Mnero

Ukichukua diski iliyotoka katika mashine ya muziki ya miaka ya 1990 na kuiunganisha na kompyuta ya leo, kompyuta hiyo itakueleza kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, kisha itakuuliza kama uko tayari. Swali hilo huletwa kwa upole, na jibu la kukubali limewekwa mahali ambapo kidole hufika upesi. Lakini kuifomati diski hiyo ni kuandika orodha mpya juu ya orodha ya zamani, yaani kuanza kuyazika yaliyomo. Kompyuta haikiri kwamba haiijui lugha ya diski. Inahukumu kwamba diski haina kitu.

Ndugu msomaji, nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu naliona likiulizwa kila mwaka katika ofisi zetu za umma, katika vyuo vyetu na katika halmashauri zetu, ingawa hakuna anayelitamka kwa maneno hayo. Tunakutana na kifaa cha kale tusichoweza kukisoma, tunakihukumu kuwa ni chakavu, na tunakifuta katika daftari la mali. Hoja ya makala haya ni fupi: kisichosomeka si kitupu, na taifa linaloshindwa kutofautisha mambo hayo mawili hupoteza kumbukumbu zake kwa saini halali, mchana kweupe.

Nitaieleza hoja hiyo kwa kupitia jambo ambalo wengi wataliona dogo: namna kadi ya kumbukumbu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, inavyogawanywa na kuwekwa mahali pa diski ya kale ndani ya sampla. Nawaomba wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa wanivumilie. Siasa haikai bungeni tu. Hukaa pia katika stoo.

Sampla ni mashine inayonasa kipande cha sauti, ikakihifadhi kwa namba, kisha ikakitoa kila unapobonyeza kitufe au kinanda. Piga ngoma mara moja mbele ya kipaza sauti, nayo mashine itaipiga mara elfu, juu au chini, kwa haraka au kwa taratibu. Akai ya Japani ilitoa S1000 mwaka 1988, na mwaka huo huo ikatoa MPC60 iliyobuniwa kwa ushirikiano na Mmarekani Roger Linn. Baadaye zikafuata za ukoo wa S3000. Muziki wa hip hop wa Marekani ulijengwa kwa mashine za aina hii, na mawimbi yake yalifika Dar es Salaam mapema. Saleh Jabir alikuwa amekwisha kurap kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kabla ya muongo ule kwisha kizazi kizima kilikuwa kimeanza kuuita muziki wake Bongo Flava.

Kumbukumbu ya ndani ya mashine hizo ilikuwa ndogo na ilipotea umeme ulipozimwa. Ndiyo maana sauti zilihifadhiwa kwenye flopi au, kwa mwenye uwezo, kwenye diski kuu iliyounganishwa kwa njia iitwayo SCSI, ambayo mafundi huitamka "skazi". Njia hiyo iliwekewa kiwango rasmi mwaka 1986. Katika umbo lake la kawaida la wakati ule ilikuwa mstari mmoja wenye nafasi nane, namba 0 hadi 7, na kila kifaa kilipewa namba yake. Sampla yenyewe ilichukua namba moja, na zilizobaki ziligawiwa diski na vifaa vingine. Vifaa viwili vikipewa namba moja, mashine hubaki imeduwaa.

Diski za wakati ule zilikuwa sahani za sumaku zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Baada ya miaka 20 au 30 mafuta ya beringi hukauka, kichwa cha kusomea hunata kwenye sahani, na mota hulalamika au hunyamaza kabisa. Diski mpya za aina hiyo hazitengenezwi tena. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa nzima, vitufe vyake vikawaka, na bado ikawa bubu kwa sababu ghala lake la sauti limekufa.

Sasa nije Mnero.

Mnero ni sehemu ya ukanda wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, nchi ya Wamwera na majirani zao. Wengi wanaifahamu kwa misheni na hospitali yake. Wachache wanaifahamu kwa sauti zake. Mwalimu mmoja wa muziki, mzaliwa wa vijiji vya huko, ambaye sasa ni mstaafu, alizunguka nyumbani kwao mwishoni mwa miaka ya 1990 akirekodi wazee: mapigo ya ngoma moja moja, nyimbo za wanawake shambani, masimulizi ya njaa na ya safari za kwenda kutafuta kazi ya mkonge, na baadhi ya nyimbo za jando na unyago. Alikuwa akifanya kazi katika taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja, na huko kulikuwa na sampla ya Akai, S3000XL, yenye diski ya megabaiti 270. Aliingiza sauti hizo humo kwa nia ya kutunga muziki mpya utakaosimama juu ya ngoma ya kale. Kanda alizorekodia zilitumika tena kwa shughuli nyingine, kama ilivyokuwa desturi ya wakati wa ukata. Diski ikabaki nakala pekee.

Miaka ikapita. Sampla ilihamishiwa stoo, ikapigwa namba ya mali, na hatimaye ikaingia katika orodha ya vifaa chakavu vya kuuzwa kwa pamoja na viti vilivyovunjika na feni. Katika orodha ile iliandikwa "redio mbovu". Mstaafu yule alipopata habari alinipigia simu, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, wale wazee wote wamekwisha kutangulia. Wakiuza lile sanduku, wamewazika mara ya pili." Tuliomba kwa barua, tukasubiri, tukaomba tena, na mwisho tuliruhusiwa kulichukua kwa siku 14.

Kazi ya kuliokoa aliifanya kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni fundi wa vifaa vya studio. Alitafuta kompyuta ya kale yenye kadi ya kuunganishia SCSI, akaitoa diski ndani ya sampla, akaiunganisha. Mota iligoma mara mbili, ikazunguka mara ya tatu. Papo hapo kompyuta ikauliza lile swali lake, kama diski ifomatiwe. Kijana alinyoosha mkono kunizuia kabla sijasogea: "Mwalimu, hapa hatubonyezi kitu."

Kisha akanieleza. Akai wa kizazi kile walikuwa na mfumo wao wenyewe wa kupanga mafaili, ambao kompyuta zetu hazikuwahi kufundishwa. Mfumo huo huikata diski katika sehemu zisizozidi megabaiti 60 kila moja, na kila sehemu huitwa kwa herufi: A, B, C na kuendelea. Diski yetu ya megabaiti 270 ilikuwa na sehemu tano, nne zilizojaa kipimo na moja ya mabaki. Kwa ubora wa kawaida wa CD, sauti ya mkondo mmoja hula zaidi kidogo ya megabaiti tano kwa dakika, kwa hiyo sehemu moja hubeba dakika 11 hivi. Mzee wetu, kwa kubana matumizi, alirekodi kwa nusu ya kasi hiyo. Hivyo diski nzima ilikuwa na takriban dakika 100. Vijiji kadhaa, maisha ya watu wengi, dakika 100.

Hatua ya kwanza ilikuwa kunakili diski yote kama ilivyo, sekta kwa sekta, kila sekta baiti 512, bila kujaribu kuielewa. Hili ni jambo ambalo watumishi wa umma wanapaswa kulishika: nakala hutangulia ufahamu. Huhitaji kujua kilichoandikwa ndipo ukinakili. Ukisubiri mpaka umpate mtu wa kukitafsiri, diski itakuwa imekwisha kufa. Programu ya kunakilia ilipita penye uzima kwanza, ikaruka penye majeraha, kisha ikarudi kuyachokonoa majeraha hayo mara kwa mara. Ilianza asubuhi, ikamaliza alasiri. Sehemu A, B na C zilitoka salama. D ilikuwa na mapengo. Ile ya mwisho ilisomeka nusu.

Hatua ya pili ndiyo ya kadi. Kuna ubao mdogo wa saketi uitwao SCSI2SD, uliobuniwa na mhandisi wa Australia na kuwekwa wazi ili wengine nao waweze kuujenga na kuurekebisha. Baadaye zikaja na nyingine, kama BlueSCSI na ZuluSCSI. Ubao huo unachomekwa kwenye waya ule ule wa pini 50 ambao diski ya kale ilichomekwa, na upande wa pili unapokea kadi ya kumbukumbu kama ile ya kamera. Kazi yake ni kuizungumzia sampla kwa lugha yake. Sampla inauliza, "Diski namba 5, upo?" Ubao unajibu, "Nipo," na sampla haijui kwamba hakuna sahani inayozunguka.

Hapa ndipo ugawaji unapohitajika. Kadi ndogo kabisa inayopatikana dukani leo ina gigabaiti nyingi kuliko mashine ile inavyoweza kuhesabu. Ukiipa kadi nzima kama diski moja, itachanganyikiwa au itaona kipande tu. Kwa hiyo unaikata kadi. Unauambia ubao: diski ya kwanza ianzie sekta hii, iwe na sekta kadhaa, na namba yake ni 5. Diski ya pili ianzie pale ya kwanza inapoishia, na namba yake ni 4. SCSI2SD ya kawaida inakuruhusu kuigeuza kadi moja kuwa diski hadi nne. Sharti ni kwamba mipaka isiingiliane. Sekta moja ikihesabiwa katika diski mbili, utakapoandika kwenye moja utakuwa unaifuta nyingine, na hakuna kengele itakayolia.

Kijana aliipa diski ya kwanza ukubwa ule ule wa diski ya kale, akaimwagia nakala aliyoitoa, akairudisha mashine katika umbo lake. Diski ya pili aliiacha tupu kwa kazi mpya. Kadi ilikuwa ya gigabaiti 8, na tulitumia chini ya moja. Alipowasha, sampla ilifikiri kidogo, kisha ikaorodhesha: A, B, C, D, E. Tulifungua A. Likaja pigo moja la ngoma, likafuatiwa na kikohozi cha mtu aliyesimama karibu, ambaye huenda hakujua kwamba amerekodiwa.

Ningeweza kuishia hapa na kusifu ufundi. Lakini kuna mambo matatu katika kazi hii ambayo ni ya kisiasa.

La kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba kitu ni chakavu. Katika mfumo wetu, kamati ya kuondosha mali hutazama kifaa, umri wake na thamani yake ya fedha. Hakuna safu katika fomu inayouliza: ndani yake mna nini? Hata hivyo, sheria ipo. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, haikufungwa kwenye karatasi. Kumbukumbu ya umma ni taarifa, iwe imeandikwa kwenye karatasi, kwenye kanda au kwenye diski, na haiharibiwi kwa utashi wa mtunza stoo. Tatizo ni kwamba sheria hiyo tunaikumbuka tunapoona jalada, tukaisahau tunapoona mashine. Faili la karatasi likitupwa, kuna atakayeuliza. Diski ikiuzwa kwa kilo, tunapokea risiti.

Wala ugonjwa huu si wa sampla peke yake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 chombo chetu cha utangazaji kikaitwa Radio Tanzania. Kwa miongo mitatu hivi kilikuwa ndicho studio kuu ya bendi za Bara: NUTA Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park na nyingine nyingi zilirekodi huko, na ngoma za mikoani zilirekodiwa pia. Urithi huo sasa uko mikononi mwa TBC, kwa kiasi kikubwa katika kanda za sumaku. Kanda hazina mfumo wa mafaili, lakini zina kifo chao: gundi inayoshika unga wa sumaku hulainika au hukauka, na mashine za kuzichezea hupungua kila mwaka. Kila mwaka tunaochelewa si mwaka wa kusubiri bure. Ni mwaka wa kupoteza.

Nachingwea ina sababu ya ziada ya kujali. Hapo ndipo Waingereza walipoleta matrekta ya mradi wa karanga kuanzia mwaka 1947, wakajenga na reli. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Hapo ndipo FRELIMO walipokuwa na kambi yao kuu ya mafunzo tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, na Samora Machel aliongoza mapambano akiwa hapo. Historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika imeanza kukusanywa, na Mradi wa Hashim Mbita wa SADC ulitoa juzuu zake. Lakini mkulima wa Mnero aliyeishi jirani na vita, aliyesikia nyimbo za wapiganaji zikivuka usiku, ameandikwa wapi? Kama sauti yake imebaki popote, huenda imebaki ndani ya sanduku ambalo mtu ameliandika "redio mbovu".

La pili ni nani anayeamua mipaka. Nimeeleza kwamba kadi hugawanywa. Kugawa ni kuamua kipi kikae na kipi, na nani afungue wapi. Tulipozisikiliza sauti za Mnero tulikuta zile za jando na unyago. Nyimbo hizo si za kila sikio. Zina wenyewe, zina umri wake na jinsia yake. Mstaafu yule alituambia wazi kwamba wazee walimruhusu kuzirekodi ili zisipotee, hawakumruhusu kuzitangaza. Basi tuliziondoa katika nakala ya kazi, tukaziweka katika kadi nyingine, na kadi hiyo ikarudi kwa wanaostahili kuishika huko nyumbani. Waliofika kuipokea walikuwa bibi wawili na mzee mmoja. Hawakuuliza habari za SCSI. Waliuliza, "Nani mwingine anazo?" Hilo ndilo swali ambalo sera zetu za kidijitali hazijajifunza kuliuliza. Tunasema "tuweke mtandaoni" kana kwamba kuweka wazi ni wema siku zote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi, lakini kulitambua jambo katika kifungu si sawa na kumuuliza bibi aliyeimba.

La tatu ni maarifa kukaa kwa nani. Kijana yule hakufundishwa kazi hii darasani. Alijifunza usiku, kwa kusoma maelezo ya watu wa mbali walioamua kugawana ujuzi bila malipo. Vyuo vyetu vinafundisha teknolojia mpya, na ni sawa. Lakini hakuna somo linalomfundisha mwanafunzi kukisoma cha jana. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Tumeishika methali ya kwanza kama sera ya manunuzi, na ya pili tumeiachia mitihani ya Kiswahili.

Wapo watakaosema: Nachingwea na Ruangwa zinahitaji barabara, maji na dawa, na mhadhiri anatuletea habari za vinanda. Nauheshimu upinzani huo, kwa kuwa mara nyingi hutoka kwa watu wanaofanya kazi kwa bidii na kwa bajeti ndogo. Lakini naomba wapime upya. Kwanza, gharama ya ubao na kadi haifikii posho ya kikao kimoja cha kamati. Pili, tatizo ni lile lile kila mahali penye mashine. Maabara, ofisi za upimaji ardhi, vituo vya hali ya hewa na hospitali vina vifaa vya kale vyenye diski ndani. Kifaa cha hospitali kikiuzwa na diski yake, tumeuza pia siri za wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa ili isomwe kwenye simu na kompyuta mpya pekee. Anayejifunza kuiokoa sampla amejifunza kuiokoa ramani ya shamba la mtu.

Wengine watasema kwamba mataifa tajiri yamekwisha kulitatua tatizo hili, tungoje tuletewe. Hawajalitatua. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, daftari la mali la Uingereza la mwaka 1086, kwa kutengeneza daftari jipya katika diski kubwa za leza. Watu zaidi ya milioni moja walichangia, wengi wao wanafunzi wa shule. Kichezeo cha diski hizo kiliunganishwa na kompyuta kwa SCSI hiyo hiyo. Ilipofika mwaka 2002, watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walikuwa wakihangaika kuijenga upya mashine ile kwa programu ili diski za miaka 16 zisomeke. Kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kilikuwa bado kinasomeka. Utajiri haukuwaokoa. Waliookoa ni watu wachache waliokataa kuamini kwamba kisichosomeka ni kitupu.

Wala nisieleweke kwamba kadi ya kumbukumbu ni mwokozi. Kadi huhifadhi chaji ndogo za umeme, na chaji hizo huvuja kadiri miaka inavyopita. Tena soko letu limejaa kadi za uongo: imeandikwa gigabaiti 64, ndani ina nane. Kadi ya namna hiyo haikatai kuandikwa. Inapokea kila kitu, kisha inaandika cha mwisho juu ya cha kwanza. Ukiigawa mara nne, diski ya nne itaimeza ya kwanza na hutajua mpaka siku utakayoihitaji. Kwa hiyo fundi mwaminifu huijaza kadi mpya yote kwa majaribio, akaisoma yote, ndipo akaiamini. Na hata akiiamini, hufanya nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikikaa mji mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari bila nakala ni mali nyingine tu ya kupotea.

Basi nipendekeze, kwa wenye mamlaka na wasio nayo.

Kwa watumishi wa umma: ongezeni safu moja katika fomu ya kuondosha mali, inayouliza kama kifaa kina hifadhi ya ndani, nani ameinakili, na nakala iko wapi. Safu hiyo isipojazwa, kifaa kisiuzwe. Haihitaji sheria mpya. Inahitaji waraka mmoja na mtu mmoja wa kuusimamia. Maafisa utamaduni wa wilaya wapewe jukumu la kuorodhesha kanda, flopi na diski zilizomo katika shule, misheni, ofisi na nyumba za watu wa wilaya zao, kabla ya kufikiria tamasha lijalo.

Kwa vyuo: kila idara ya kompyuta iwe na benchi moja la vifaa vya kale, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza aruhusiwe kuandika tasnifu kuhusu kukisoma kifaa kimoja kilichosahaulika. Ni utafiti halali kuliko mifumo mingi ya kusajili wanafunzi tunayoitunuku alama kila mwaka na ambayo hakuna chuo kinachoitumia.

Kwa wanaharakati: mnapodai uwazi wa taarifa, dai pia uhai wake. Haki ya kupata taarifa haina maana kama taarifa imeuzwa kwa kilo. Na mnapodai hifadhi ya utamaduni, wakumbukeni wenyewe. Nakala ya kwanza irudi kijijini, na kijiji kiwe na sauti juu ya mipaka ya kadi.

Kwa wanafunzi wangu: mkirudi nyumbani likizo ijayo, ulizeni. Nani alikuwa na redio ya kurekodia? Nani aliimbia kwaya? Sanduku lile chini ya kitanda cha mjomba lina nini? Mkikuta diski na kompyuta ikawauliza kama iifomati, jibu ni hapana. Inakilini kwanza, kama ilivyo, na mtafute wa kuisoma baadaye.

Sampla ya Akai tuliirudisha siku ya 13, ikiwa na diski yake ya kale ndani, kama masharti yalivyotaka. Iliuzwa pamoja na zile feni. Kadi ya kazi iko kwa mstaafu wetu, ambaye amepata sampla nyingine ya ukoo ule ule na ameanza tena kutunga. Mapengo ya sehemu D hayatajazwa. Kuna wimbo wa kupalilia unaokatika katikati ya neno, na hakuna aliye hai anayeukumbuka mwisho wake.